Naomba Macho

Mimi ni mtu wa makufuli. Ukija dukani kwangu hapa Bariadi, pale ninaposhona sare za shule na magauni ya sherehe, utaona funguo zimening'inia kiunoni mwangu kwa utepe wa kitenge. Wateja huniuliza kama nimeajiriwa magereza. Nacheka nao, lakini sizivui. Mlango wa duka una makufuli mawili, geti la nyumbani moja, banda la kuku moja, hata pipa la unga lina kakufuli kake. Sikuzaliwa hivi. Mwaka wa pili tangu nihamie mjini niliinjika maharage kwenye jiko la mkaa nje ya chumba changu cha kupanga, nikaingia ndani kuchukua chumvi, na niliporudi sufuria haikuwepo. Jiko lipo, moto unawaka, maharage yamekwenda na sufuria yake. Siku hiyohiyo nikaenda kununua kufuli la kwanza.

Nyumbani kwetu hatukuwa na kufuli hata moja. Tulipokwenda shamba kuchuma pamba, mama aliegemeza fimbo mlangoni kwa nje, ili mtu akifika ajue hakuna watu asijichoshe kubisha hodi. Leo nikiikumbuka fimbo ile mwili unanisisimka. Tulikuwa tunawatangazia wezi kwamba nyumba ni yao! Lakini sikumbuki hata siku moja tuliyorudi tukakuta kitu kimeondoka. Mara nyingi tulikuta kimeongezeka: boga limewekwa mlangoni, au kikapu cha karanga ambacho mwenyewe hakuona haja ya kutusubiri.

Kwetu ni Itilima, upande wa Nkoma, na kitu kikubwa alichokuwa nacho baba yangu kilikuwa ngitili. Kwa asiyejua, ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zinapoanza. Mifugo haiingii humo miezi yote ile majani yanapokua, mpaka kiangazi kikali, wakati kila mahali pamebaki vumbi na mabua ya pamba. Hapo ndipo mwenyewe anafungua, na ng'ombe wake wanapata cha kuwavusha hadi mvua nyingine. Ng'ombe wa kulima ndio wanaofikiriwa kwanza, kwa sababu mvua ikinyesha na maksai wako hawawezi kusimama, huna mwaka.

Nikisema malisho yanafungwa, usidhani kuna ukuta. Ngitili ya baba ilikuwa na korongo upande mmoja, safu ya minyaa upande wa pili, migunga michache upande wa tatu, na upande wa nne hapakuwa na kitu. Palikuwa na njia ya ng'ombe tu, na ng'ombe wa watu walipita hapo kila siku asubuhi na jioni, majani mabichi yakiwa hatua mbili kutoka midomoni mwao.

Kilichofunga kilikuwa neno. Kila mwaka, mwezi wa kumi na mbili, majani mapya yakifika kwenye kifundo cha mguu, baba alivaa koti lake la kahawia, lile alilolivaa kanisani na kwenye shughuli hii tu, akanichukua mimi kifungua mimba wake, tukaanza kupita kaya kwa kaya. Zilikuwa kaya kumi na moja. Mama alisisitiza niende naye kwa sababu baba akianza kuzungumza husahau kwamba ana kwake.

Nilizipenda na kuzichukia siku hizo. Kila kaya ilibidi nipige magoti na kusalimu kwa lugha yetu, "Mwangaluka," na kujibu kwamba tuko "mhola", yaani salama, na kila kaya ilibidi tule, maana kukataa chakula cha mtu ni kumwambia humwamini mkono wake. Nilikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, nikala ugali wa mtama na maziwa ya mgando, na kufika kaya ya saba nilikuwa natembea nimeshika tumbo. Wazee walizungumzia mvua, meno, ng'ombe aliyezaa vibaya. Hakuna aliyegusia majani. Wakati wa kuaga tu, baba akiwa ameshasimama, alivua kofia yake na kusema, "Nimefunga majani. Naomba macho yenu." Mwenye kaya alijibu, "Macho yapo." Basi, imekwisha, tunakwenda kaya nyingine.

Kaya ya mwisho ilikuwa ya jirani wa ng'ambo ya korongo. Huyu alikuwa na ng'ombe wengi kuliko wote, kikohozi kilichosikika kabla hajaonekana, na ubishi wa kuzaliwa nao. Ukimwambia mvua itanyesha, anasema haitanyesha. Ikinyesha, anasema hii si mvua. Yeye na baba waliwahi kununiana miezi kadhaa kwa ajili ya jogoo. Sikumpenda. Niliona macho yake yanavyokwenda kwenye majani yetu, nikajiambia kwamba siku yakiliwa nitajua pa kuanzia.

Siku moja mchana nikiwa nimejificha nyuma ya kichuguu kumpeleleza, maana tabia yangu ya makufuli huenda ilianzia pale, nilimwona anatupa mawe na matusi kumfukuza ng'ombe aliyeingia ngitili yetu. Matusi yale siwezi kuyaandika. Ng'ombe alipogeuka nikaona alama ya sikio. Alikuwa ng'ombe wake mwenyewe. Nilirudi nyumbani polepole na sikumwambia mtu.

Aliyevunja neno la baba kwa mara ya kwanza ninayoikumbuka ni mimi. Nilikuwa na miaka kama kumi, ni wakati wa kuchuma pamba, na niliachiwa ng'ombe wetu niwachunge kwa nusu siku. Mimi na binti wa kaya ya jirani tukajitengenezea wanasesere wa mabua ya mahindi, tukawaoza, tukawapikia karamu. Nilipoinua kichwa, ng'ombe wetu wote walikuwa ndani ya ngitili yetu, wamezama hadi tumboni, wanakula kwa starehe zao. Nilipowatoa walikuwa wamekwishachafua upande mzima wa njia.

Nilijua nitachapwa, na nilichapwa, hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba kesho yake asubuhi baba alivaa koti la kahawia. Tulipita kaya zote kumi na moja, na kila kaya baba alivua kofia na kuomba radhi kwamba ng'ombe wake wamekula majani yaliyofungwa. Watu walipokea radhi hiyo kwa uzito kabisa, hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nachemka. Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza, kwa sauti ambayo mtoto hakutakiwa kuitumia kwa baba yake, kwa nini unaomba radhi kwa kula kitu chako?

Hakunikemea. Alitembea kidogo, kisha akasema, "Majani ni yangu. Lakini hawa watu wameyalinda tangu mvua. Wakiona mwenyewe anakula, watalinda nini?"

Sikuelewa. Nilielewa tu kwamba miguu inauma na kwamba nimeaibika kaya kumi na moja kwa siku moja.

Wala usidhani baba alikuwa malaika aliyezungukwa na malaika. Aliwahi kumpokea mgeni aliyesema anakwenda Mwamapalala kumwona dada yake mgonjwa. Mgeni alilala kwetu siku mbili, akala, akapewa maji ya kuoga, na siku ya tatu badala ya kupewa jembe kama wahenga walivyoagiza, akajipa baiskeli ya baba na kuondoka nayo. Mimi ningemfuata hadi Shinyanga. Baba hakumfuata. Wiki iliyofuata akapita mgeni mwingine, akakaribishwa vilevile, kigoda kilekile. Mama alipolalamika, baba alisema aliyeiba baiskeli ameshaondoka, huyu ni mtu mwingine. Nilidhani ni ujinga. Nimekuja kuwa mtu mzima bado nikidhani ni ujinga, ila wa aina ambayo natamani ningekuwa nayo kidogo.

Miaka ikaenda. Mama akafariki. Shangazi, dada yake baba ambaye alikuwa mjane, akaja kukaa naye. Mimi nikawa fundi wa Bariadi na funguo zangu. Ng'ombe wa baba walipungua, wengine kwa ugonjwa, wengine kwa mahari na misiba, wakabaki maksai wawili, mmoja mweusi na mmoja mwenye mabaka. Alilima nao shamba lake na mashamba ya kaya mbili ambazo hazikuwa na ng'ombe. Ukimpigia simu kumuuliza hali, alikueleza hali ya maksai kwanza. Ndio waliomfanya aendelee kuitwa mtu mwenye kaya, na alijua hivyo, na mimi nilijua.

Kisha magoti yake yakakataa. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka huo alinipigia na kuniomba kitu kimoja. Hakuwa mtu wa kuomba. Alisema mvua zimeanza, majani yanakuja, yeye hawezi tena kutembea kaya kumi na moja, basi mwezi wa kumi na mbili nije nimpitishie neno.

Sasa kwa fundi wa sare za shule, mwezi wa kumi na mbili ndio mwaka wenyewe. Nilikuwa na sketi na kaptula zimejaa hadi mlangoni, wazazi wamesimama juu ya kichwa changu kila mmoja akidai mwanawe ndiye atakayefukuzwa shule. Tena habari zilikuwa zimeenea kwamba upande wa Meatu mvua imekuwa haba, na makundi makubwa ya ng'ombe yatakuja kwetu kutafuta majani. Niliwaza kwa akili yangu ya mjini: wachungaji wageni hawamjui baba, hawajui kofia wala koti. Watazuiwa na neno gani? Nikaona nimepata jibu bora kuliko alivyoomba. Nikanunua waya wa miba, nguzo, geti dogo la chuma na kufuli kubwa la shaba, nikalipa mafundi wanne wakazungushia ngitili yote kwa siku tano. Badala ya miguu yangu nikatuma waya.

Nilikwenda siku ya kumaliza. Nilijisikia fahari, nisidanganye. Baba aliletwa pamoja na kigoda chake akakaa kivulini mwa mgunga, akaangalia geti, akaniuliza, "Umewaambia watu?"

Nikamwambia waya unasema wenyewe.

Jirani wa ng'ambo ya korongo alifika, kikohozi kikitangulia. Alisalimu. Alishika waya kwa vidole viwili, akaangalia kufuli, akaniuliza kwani kuna mtu aliyeingia. Nilisema hapana, ni tahadhari tu. Akatikisa kichwa, akamuaga baba, akarudi kwake. Sikuona kosa. Niliona mzee mbishi amekosa cha kubishia. Ufunguo mmoja nikampa shangazi, mwingine nikautia kwenye kamba ya kiunoni, nikarudi kwenye sare zangu.

Mwezi wa nane shangazi alinipigia analia. Nilifika mchana. Geti limefungwa, kufuli linang'aa. Nilifungua, nikatembea ndani, na upande wa korongo, mahali usipopaona ukiwa nyumbani, waya ulikuwa umekatwa nyuzi zote na kukunjwa pembeni vizuri kabisa, kazi ya mtu asiye na haraka. Majani yalikuwa yameisha. Pale ambapo yalitakiwa kufika kiunoni palikuwa na visiki vya majani na mbolea ya ng'ombe wengi sana. Wageni waliingiza mifugo siku tatu, wakaondoka. Maksai wa baba walikuwa zizini, mbavu zinahesabika, na mvua ilikuwa mbali bado miezi mitatu.

Nilikwenda moja kwa moja ng'ambo ya korongo. Sikusalimu vizuri. Nilimkuta mzee anasokota kamba, nikamuuliza kama ni kweli hakuona ng'ombe wa watu siku tatu nzima mbele ya macho yake.

"Tuliwaona, mayu," alisema. Ndivyo wazee wetu wanavyomwita mwanamke kwa heshima, kama sisi tunavyowaita wao bhabha, na siku hiyo sikustahili. "Siku ya kwanza tuliwaona. Tukasema, mwenye ufunguo amewafungulia."

"Waya ulikatwa, bhabha! Upande wako huu huu."

"Mtu akitia kufuli mlangoni kwake, jirani haendi kuchungulia dirishani," akajibu. Aliendelea kusokota kamba yake. Kisha, kwa sauti ya chini kidogo, akaongeza, "Mwaka huu hatukuombwa macho."

Nilitaka kumtukana. Nilisimama pale nikitafuta neno la kumchoma, na nilichokiona badala yake ni mtu huyuhuyu akiwa bado na nguvu, anarusha mawe kumfukuza ng'ombe wake mwenyewe. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nilikuwa nimenunua waya kwa fedha nyingi ili kuwaondoa walinzi kumi na mmoja wa bure.

Baba hakunilaumu. Laiti angenilaumu. Aliuliza kama nilimsalimu jirani, nikasema sikumsalimu sawasawa. Akaagiza koti lake.

Kesho yake tukakodi bodaboda. Dereva alikuwa mvumilivu, aliendesha mwendo wa mtu anayetembea, baba nyuma yake amekaa wima na koti la kahawia kwenye jua lile, mimi nafuata kwa miguu nikila vumbi. Kaya kumi na moja. Wenye kaya wengine walikuwa watoto wa wale niliowafahamu. Kila kaya nilipiga magoti, na safari hii niliyeomba radhi nilikuwa mimi. Nilisema nilifunga kwa kufuli bila kuwaambia, nimekosa. Hawakucheka. Walipokea kwa uzito uleule, wakatulisha.

Kwa jirani wa korongo nilisema maneno yangu nikiwa nimeinamisha macho. Alikohoa muda mrefu. Baba hakusema neno juu ya maksai, asingesema hata kama wangekufa. Jirani ndiye aliyesema. "Wale hawajakosa. Waleteni kwangu." Yeye alikuwa na ngitili yake, ndogo kuliko mahitaji ya ng'ombe wake mwenyewe. Maksai wa baba walikula humo mpaka mvua, na mvua ilipokuja walisimama, wakalima.

Waya tuliuondoa. Niliukunja mwenyewe, mikono ikapasuka, ukawekwa nyuma ya jiko ambako kuku wa shangazi waliona ni mahali pazuri pa kutagia. Kufuli la shaba nililichukua, sasa liko kwenye banda langu la kuku hapa Bariadi. Miaka miwili iliyofuata nilifunga duka katikati ya msimu, wazazi wakanung'unika wapendavyo, nikaenda kutembea nyuma ya bodaboda. Baba akivua kofia, akisema maneno yake, akijibiwa. Miaka yote miwili majani yalisimama. Lakini niseme ukweli, nilifanya kwa ajili yake. Moyoni niliamini kwamba watu wanamheshimu mzee, na heshima hiyo ni ya kwake, atakwenda nayo.

Alikwenda mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja, siku chache baada ya mvua ya kwanza. Hakuugua sana. Aliniuliza kwenye simu kama kwetu Bariadi imenyesha, nikasema imenyesha, akasema vizuri. Asubuhi shangazi akanipigia.

Baada ya mazishi shangazi alichukuliwa na binti yake kwenda Mwamanyili. Maksai wakabaki kwa jirani wa korongo, alime nao kwa msimu. Nyumba tukaifunga. Mwezi wa kumi na mbili ulipofika nilikaa kwenye cherehani, nikashona, na kila nilipokumbuka majani nilikanyaga pedali kwa nguvu zaidi. Sikwenda. Kwanza nilikuwa na uchungu, sikuweza kuiona njia ile bila koti lile mbele yangu. Pili, nilijiuliza, nani atampa macho mtu aliyekufa? Neno alikuwa nalo yeye. Sikuwa tayari kwenda kuomba nikaambiwa tutaona.

Mwezi wa nane nikaamua kumaliza. Nilikuwa nimeshazungumza na mnunuzi wa ng'ombe wa mnadani, tumekubaliana aje kesho yake kuwachukua maksai wote wawili. Majani hayapo, mwenyewe hayupo, kuwaacha wamtegemee jirani kwa mara ya pili ni kumdhulumu. Nilipanda bodaboda na namba ya mnunuzi kwenye simu. Njia nzima kutoka Nkoma ilikuwa vumbi na mabua. Nikamwambia dereva anishushe mbali kidogo, maana nilitaka kulia peke yangu kwanza.

Majani yalikuwepo.

Yalikuwa ya njano, yamefika kiunoni, yamejaa upande hadi upande kuanzia korongo hadi njia ya ng'ombe, na upepo ukipita yalikuwa yanalala na kuinuka. Mimi na tabia yangu, sikuamini. Nilizunguka mpaka wote nikitafuta mahali palipoliwa. Kwenye njia niliona kwato za ng'ombe zimeingia hatua tatu, nne, kisha zimegeuka, na pembeni yake alama za viatu vya matairi vya mtu aliyewageuza. Mahali pengine vilevile, na viatu si vilevile. Nikakaa chini kwenye vumbi.

Nilisikia kikohozi kabla sijamwona. Alikuwa amezeeka sana, anatembelea fimbo. Safari hii nilipiga magoti nikasalimu sawasawa, akaitikia, akajishusha kwenye kichuguu. Tukaulizana habari za nyumbani mpaka zikaisha. Ndipo nikamuuliza nani alifunga majani.

"Baba yako," akasema.

"Bhabha, baba alifariki kabla ya kufunga."

"Najua. Si nilimzika?" Aliniangalia kama vile mimi ndiye mzee ninayechanganya mambo. "Mwezi wa kumi na mbili nilikusubiri. Hukuja. Nikachukua fimbo nikapita. Kaya zote. Nikasema mwenzetu amefunga majani, anaomba macho yenu."

"Wakasema nini?"

"Waseme nini tena? Macho yapo."

Nililia. Nililia kwa sauti, kilio ambacho sikulia msibani kwa sababu msibani nilikuwa nahesabu sahani. Mzee yule na magoti yake, ambayo hayakuwa bora kuliko ya baba, alitembea siku mbili, maana aliniambia baadaye kwamba hakuweza kumaliza kwa siku moja, na kila kaya akapeleka maneno ya marehemu. Nao, wenye kaya kumi waliobaki, ambao wangeweza kabisa kusema mwenyewe amekufa, ngoja tuchungie, waliitika. Nilimpenda yule mzee mbishi siku ile kuliko nilivyowahi kumpenda mtu asiye ndugu yangu, na sikujua namna ya kumwambia, nikasema "wabeja" tu, asante ya kwetu, mara tatu au nne.

Akageuza uso, akaangalia maksai waliokuwa ng'ambo. Kisha akasema yule mweusi ameanza kuzeeka lakini atalima misimu miwili tena, kama hakuna mtu mwenye haraka ya kumuuza. Sijui nani alimwambia. Nilimpigia mnunuzi pale pale nikamwambia asije.

Mwezi wa kumi na mbili uliopita nilibandika karatasi mlangoni mwa duka kwamba nitarudi baada ya siku tatu, nikatia makufuli yote mawili, nikaenda. Funguo zilinichoma nyonga kila nilipopiga magoti, na kwenye kaya ya tatu mama mmoja akauliza zote hizo ni za nini. Nikasema ni mambo ya mjini. Nilikula michembe. Nilizungumza mvua na meno. Kila kaya wakati wa kuaga nilisimama nikasema, "Baba amefunga majani. Anaomba macho yenu," na wakajibu.

Kwa jirani wa korongo nilifika jua limeinama. Nikasema vilevile. Alikohoa, akaniangalia kwa ule ubishi wake wa siku zote.

"Baba yako alifunga mwaka jana," akasema. "Mwaka huu nani anaomba?"

Sikuwa na kofia ya kuvua. Nilifungua utepe wa kiunoni, nikaziweka funguo chini kwa kuwa zilikuwa zinapiga kelele.

"Mimi," nikasema. "Nimefunga majani. Naomba macho yenu."

"Macho yapo," akasema, na akamwita mkewe alete maji ya kunawa.